Kuripoti Dhuluma Si Kukosa Imani

Masomo: 2 Samweli 13:1–22, Matendo ya Mitume 23:12–24

Mtu akikwapuliwa simu pale Msimbazi, mtaa mzima unapiga kelele. Mama muuza vitenge anaacha meza yake, bodaboda anageuza pikipiki, mpiga debe anarukia barabarani. Hatuzisifu kelele hizo zote. Mara nyingine zimeishia kwenye mawe na matairi, na damu ya mtu aliyeuawa bila kuhukumiwa ni dhambi mbele za Mungu hata kama alikuwa mwizi kweli. Lakini hakuna anayemwambia aliyeibiwa, "Nyamaza, vumilia, muombee tu aliyekuibia."

Maneno hayo tumeyaweka akiba kwa ajili ya watoto wetu walioko vyuoni. Binti akija kutuambia kwamba mwalimu wake anamtaka kimwili ili ampe maksi, tunamwambia avumilie. Kijana mwenye ualbino akisema kila kazi ya kundi inapogawiwa yeye huachwa peke yake, na wenzake humcheka mwalimu akiwa anasikia, tunamwambia asiwe mwepesi wa kukwazika. Mwanafunzi anayetembelea kiti cha magurudumu akisema mtihani wake umepangwa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, na alipouliza akajibiwa kwa dhihaka, tunamwambia Mungu atafungua njia. Simu yenye thamani ya laki mbili tunaipigia kelele. Utu wa mtu, ulioumbwa kwa mfano wa Mungu na kununuliwa kwa damu ya Kristo, tunaunyamazia.

Sisi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja anayeuza khanga Kariakoo alikuja ofisini kwetu na binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini. Binti alikuwa mwimbaji wa kwaya ya vijana. Alitueleza, kwa sauti ya chini na macho sakafuni, habari za mwalimu aliyekuwa akimpigia simu usiku na kumwambia kwamba bila yeye kwenda kumwona atapata sapu, na sapu ile hataifaulu. Tulisikiliza. Tukasoma Zaburi. Tukawawekea mikono, tukaomba kwa muda mrefu, tukamwambia binti ajitahidi kusoma na Bwana atampigania. Wakaenda zao. Mwaka ule ule binti akaacha chuo. Leo anauza makava ya simu kwenye duka la ndugu yake, na kwaya ameiacha. Tulipokutana naye siku moja tukamuuliza kwa nini haonekani kanisani, alijibu kwa adabu: "Baba Mchungaji, siku ile sikuja kuombewa tu. Nilitaka twende wote."

Jibu hilo halijatutoka. Makala haya tunayaandika kwa sababu ya maneno yale mawili: twende wote.

Chuo kikuu si jambo la mbali na watu wa Kariakoo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia hapa hapa kwetu. Mwaka 1961, kabla ya kuhamia kule Mlimani, kilifungua milango yake kama chuo kikuu kishiriki katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Leo, ukitoka Kariakoo kwa miguu, unafika Muhimbili, unafika CBE, unafika DIT, unafika IFM. Wanafunzi wa vyuo hivyo wamepanga vyumba kwenye mitaa yetu, wanasubiri bumu kwa wapishi wetu wa chipsi, wanaimba kwenye kwaya zetu. Ada zao zinatoka kwenye meza za nyanya na mitumba za washarika wetu. Yanayowapata huko yanatuhusu.

Tena tuna kumbukumbu ambayo nchi hii haipaswi kuisahau. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Siku zile chuoni kulikuwa na kitu kilichoitwa "Punch". Ilikuwa michoro na maandishi yasiyo na jina la mwandishi, yaliyobandikwa ukutani ili mtu fulani achekwe na jumuiya nzima, na wasichana ndio walioumizwa nayo zaidi. Aliyechorwa hakuwa na wa kumjibu, kwa kuwa aliyechora hakujulikana. Wengi waliiona, wengi walicheka, na wengi walisema ni desturi tu za chuo. Baada ya kifo kile Punch ilipigwa marufuku. Wanawake wa nchi hii, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, walipaza sauti, na hawakuishia kwenye machozi. Waliendelea kudai sheria hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998.

Tuwe wakweli: iliyopigwa marufuku ni karatasi ya ukutani. Roho yake imehamia kwenye simu. Leo kuna makundi ya WhatsApp ya darasa ambamo picha ya mwenzao inazungushwa, lafudhi ya aliyetoka kijijini inaigizwa, na jina la msichana linachafuliwa na mtu anayejificha nyuma ya namba asiyoisajili kwa jina lake. Wanaocheka ni wale wale, na miongoni mwao wamo waliopokea kipaimara kwenye madhabahu zetu.

Wala wakubwa hawajabaki nje. Mwishoni mwa mwaka 2018, Rais Magufuli alipokwenda kuzindua maktaba mpya Mlimani, mhadhiri wa chuo hicho, Dkt. Vicensia Shule, aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Kilichofuata ni yeye kuitwa ajieleze mbele ya kamati ya maadili ya chuo. Mwaka 2020 TAKUKURU ikatoa matokeo ya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, ikasema tatizo hilo lipo. Kwa hiyo aliyesema hakuwa mzushi. Lakini kila mwanafunzi aliyefuatilia habari ile alijifunza somo moja kwanza: anayesema ndiye anayeitwa.

Sasa tuyajibu maneno tunayoyatumia sisi wenyewe kanisani kuwafunga watu midomo. Ni manne, na yote tumeyavalisha joho la Biblia.

La kwanza ni kwamba Yesu alisema ukikosewa nenda ukamwonye ndugu yako mkiwa wawili peke yenu. Ni kweli, imeandikwa katika Mathayo 18. Lakini tusome sura yote. Kabla ya fungu hilo, Bwana amekwisha kusema habari za yule anayewakosesha wadogo, kwamba ingekuwa heri afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kuzamishwa baharini. Na baada ya fungu hilo anaamuru tuwachukue mashahidi, kisha jambo lipelekwe mbele ya kusanyiko. Bwana ameweka hatua, na hatua zinapanda. Hakusema mwanafunzi wa miaka ishirini aende peke yake, jioni, kwenye ofisi ya mtu anayemwinda na mwenye kalamu ya kumfelisha, ili wakaongee wakiwa wawili. Huko ndiko yule mtu anakotaka aende. Anayelitumia fungu hilo kumpeleka kondoo mbele ya fisi hajalielewa.

La pili ni amri ya nane. Tumefundishwa tangu darasa la kipaimara kwamba kutomshuhudia jirani uongo ni pamoja na kutomsengenya, bali kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa upande mzuri. Basi, tunaambiwa, kumtaja mwalimu ni kumvunjia jina. Lakini Luther mwenyewe, katika Katekisimu Kubwa, anatenganisha masengenyo na taarifa. Masengenyo ni kulipeleka kosa la mtu kwa wasio na mamlaka ya kulishughulikia, ili mradi kuburudisha midomo. Taarifa ni kulipeleka kwa wale waliokabidhiwa kazi ya kuhukumu na kuonya. Tukilipima jambo kwa kipimo hicho tutaaibika, kwa kuwa sisi tunafanya kinyume. Habari za binti aliyesumbuliwa tunazinong'ona baada ya ibada, kwenye vikoba na kwenye daladala, mpaka kila mtu anazijua, lakini hazifiki hata siku moja kwenye ofisi inayoweza kufanya kitu. Amri ya nane tunaivunja kwa kunong'ona, halafu tunaitumia kumzuia anayetaka kuripoti! Na jirani wa kutetewa ni nani, ni mwenye cheo peke yake? Binti naye si jirani?

La tatu ni kwamba mwanamke mwema na kijana mwema hunyamaza na kumwachia Mungu. Walioshika neno hili wasome habari za Tamari, binti Daudi. Alipodhulumiwa na Amnoni, Tamari hakunyamaza. Alirarua vazi lake, akaweka majivu kichwani, akaenda akilia. Aliyemwambia anyamaze ni Absalomu, nduguye, kwa hoja kwamba aliyemtenda ni ndugu yao. Na mfalme Daudi, aliyekuwa baba na tena hakimu, alisikia yote, akakasirika sana. Akaishia hapo. Hakumwita Amnoni, hakuuliza, hakuhukumu. Baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni kwa hila, na baadaye taifa zima likaingia vitani. Ukimya ule haukuleta amani. Haki ilipokosekana kwenye baraza la mfalme, upanga ukaitafuta mezani. Wako kina Daudi wengi katika vyuo, katika familia na katika mabaraza ya wazee: wakisikia wanakasirika, na hasira yao haifungui hata faili moja.

La nne lina uzito, na tusilipite. Watu husema, "Je, akisingiziwa?" Ndiyo, watu husingiziwa. Yusufu alisingiziwa na mke wa Potifa akatupwa gerezani. Lakini tuulize ni kitu gani kilimpeleka Yusufu gerezani. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Mwenye nyumba alisikia upande mmoja, akawaka hasira, akatoa adhabu siku hiyo hiyo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, kinawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi wa uongo naye atapata malipo yake. Dawa ya uzushi ni uchunguzi wa haki, na uchunguzi hauwezi kuanza bila taarifa. Mahali pasipo na utaratibu wa kupokea malalamiko, mwenye hatia anajificha ndani ya umati, na asiye na hatia anatembea na jina lililochafuliwa na uvumi asioweza kuujibu. Mwalimu mwaminifu, na wako wengi, wengine ni wazee wetu wa kanisa, ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka mlango huo uwe wazi.

Kama kuna anayeuliza utaratibu huo uweje, hatuna haja ya kwenda mbali. Uko katika Matendo ya Mitume 23. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wameapa kumuua Paulo. Kijana mmoja, mtoto wa dada yake Paulo, akasikia. Hatutajiwi hata jina lake. Angeweza kusema, "Mjomba ni mtume, Mungu aliyemtoa gerezani Filipi atamtoa na hapa." Hakusema hivyo. Alikwenda ngomeni akatoa taarifa. Naye Paulo, mtu wa imani kuliko sisi sote, hakumwambia kijana apige magoti tu. Alimwita akida akamwomba ampeleke kijana huyu kwa jemadari, hakumwacha aende peke yake.

Na jemadari, mpagani asiyemjua Kristo, alifanya mambo matano ambayo ofisi nyingi za Wakristo zimeshindwa. Alimshika kijana mkono. Alimtenga faraghani. Alimuuliza, kisha akamsikiliza mpaka mwisho. Alilinda siri yake kwa kumkataza asimwambie mtu kwamba ametoa taarifa ile. Na alichukua hatua usiku ule ule, akaagiza askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili ili kumwokoa mfungwa mmoja. Hakusema aandike barua, nakala tatu, asubiri kikao cha robo mwaka. Hakumuuliza alikuwa amevaa nini. Hakumwuliza ana nini na wale watu arobaini. Kama jemadari wa Rumi aliweza, mshauri wa wanafunzi aliyebatizwa ataweza. Na vyuo vyetu wenyewe sisi Walutheri, pamoja na vyuo vya theolojia, vipimwe kwa kipimo hiki kabla ya vingine vyote, kwa kuwa hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wazazi na wazee, tuache kuuliza kwanza habari ya shahada. Mtoto akisema ameonewa, swali la kwanza lisiwe "Je, hutadisko?" Liwe "Uko salama?" Wako wanaofika mahali pa kutoona sababu ya kuishi. Mtoto wa namna hiyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali na akae na watu wanaompenda. Na wewe unayesoma haya ukiwa mahali hapo, zungumza na mtu leo. Kanisa halikuhukumu. Unahitajika hai.

Pili, tuwafundishe vijana wetu kutoa taarifa vizuri. Andika siku, saa, mahali, na maneno yaliyosemwa, yakiwa bado mapya kichwani. Usifute ujumbe wala sauti zilizorekodiwa kwenye simu, hata kama zinakutia kinyaa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kwa sababu huyo naye ni shahidi. Kisha peleka jambo mahali panapohusika: ofisi ya mshauri wa wanafunzi, dawati la jinsia la chuo kama lipo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kama mwenye mamlaka anadai ngono ili atoe haki yako, hiyo ni rushwa kwa mujibu wa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria hizi ni karama za Mungu kwa utawala wa dunia hii. Mlutheri anayeziita mambo ya kimwili amesahau kwamba Mungu wetu hutawala kwa mikono yote miwili.

Tatu, na hapa ndipo tunapodaiwa, usharika uende pamoja nao. Kila usharika wa katikati ya jiji unao mwanasheria kwenye benchi la nyuma, muuguzi kwenye Umoja wa Wanawake, mwalimu mstaafu, afisa ustawi wa jamii. Baraza la wazee liwateue watu wawili au watatu, angalau mmoja awe mwanamke, majina yao yasomwe kwenye matangazo, ili mwanafunzi yeyote ajue nani atafuatana naye hadi mlangoni na kumsubiri nje. Wasiende kuamua kesi, wala kumfundisha maneno ya kusema. Kazi yao ni kwenda naye, kurudi naye, na kuuliza tena baada ya wiki mbili, faili limefika wapi. Mwenye ofisi anayejua kwamba watu wanauliza hulitoa faili kwenye droo.

Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo, tuliona watu wa mitaa hii wakichimba kifusi. Walikuwepo wachukuzi, machinga, askari na madaktari. Mashine ziliponguruma kupita kiasi waliambiana wanyamaze, si kwa sababu hawakutaka kusikia, bali wapate kusikia sauti zilizokuwa zikiita kutoka chini. Wakapeleka maji na hewa kwa waliokuwa hawajafikiwa. Hakuna aliyesimama juu ya kifusi kile akasema, "Walio chini wavumilie, Bwana atawapigania." Tuliomba huku tukichimba, na hatukuona kwamba kuchimba kunapunguza maombi.

Huo ndio ukimya unaomfaa Mkristo: kunyamaza ili amsikie anayeita, kisha amfuate alipo. Ule mwingine tutubu. Sisi tumeanza kwa kumwendea binti yule dukani, na kumwomba msamaha mbele ya mama yake. Hakutupa jibu la haraka, wala hatukulidai. Alitutajia tu kwamba mdogo wake ameanza chuo mwaka huu, akatuuliza kama tungependa kumfahamu.

Tumesema ndiyo. Na safari hii, ikibidi, tutakwenda wote.